Utepe Mwekundu Shingoni mwa Chupa

Treni ya Omaha ilipoingia Tillery asubuhi ile ya Aprili, stesheni ilikuwa imefurika kama kuna harusi. Wachunga ng'ombe walikuwepo, wakulima wa Kiswidi na wake zao, madalali wa mashamba wanaopiga kelele, na mbwa wasio na mwenyewe. Lavinia Struthers akashuka amekumbatia maboksi manne ya kofia hadi kidevuni, haoni mbele, gauni lake la kijani limejaa masizi. Hakumjua mtu katika mji ule. Shela ya kofia yake aliishusha mpaka chini ya kidevu, kwa sababu anazozijua mwenyewe.

Hatua ya tatu tu akamvaa mwanaume aliyeinamia kreti la chupa. Maboksi yakaruka huku na huku, shela ikapanda, na kitu kikalia chini ya kiatu chake.

"Nimekanyaga nini?" akauliza.

"Macho yangu," yule mwanaume akasema, akipapasa mbao za stesheni kwa viganja. Mkono wake ukitafuta miwani ukapita shavuni kwa Lavinia aliyekuwa ameinama naye. Ukasita kidogo, ukaondoka kwa kuomba radhi.

Huyo ndiye Anselm Kittredge, mwenye duka la dawa. Vioo vya miwani vikaagizwa Chicago, na mwenye stesheni akasema visitarajiwe kabla ya wiki tano.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Lavinia alikuja kushona kofia kwa Bi. Philomena Craddock, mjane mnene mwenye cheko la kutikisa dirisha, na duka la Bi. Philomena lilitazamana uso kwa uso na duka la dawa. Tillery nzima ilikuwa na simu kumi na moja. Moja ilikuwa ya Bi. Philomena, ambaye asingekubali umbea umpite, na nyingine ya Anselm. Basi watu wawili waliotenganishwa na barabara ya matope ya hatua thelathini wakawa wanapigiana simu.

"Bibi Kofia, umekunywa chai?"

"Bwana Mizani, si uvuke barabara uje uone?"

"Nikija sitaona kitu. Afadhali nikusikie."

Hapo Dorcas Quimby, mwunganishaji wa simu, huingilia kati na kusema kwamba kama mtu ana la moyoni aliseme upesi, kuna wengine wanangoja laini.

Lavinia alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa na hofu ndani. Ndui ilimpitia akiwa na miaka tisa ikamwachia uso wenye mashimo kama kitambaa kilichonyeshewa mvua ya mawe. Wanaume wawili huko Ohio walishaahirisha harusi mpaka wakapotea. Huyu alimpenda kwa sauti yake na kwa harufu ya wanga wa kunyooshea kofia. Kila treni ilipopiga honi kutoka mashariki, aliwaza: leo miwani imekuja, leo ataniona.

Tillery ilikuwa na desturi yake. Msichana akimpa mwanaume utepe, mwanaume huufunga kwenye mnyororo wa saa, na tangu hapo mji mzima unajua. Wiki ya tatu Lavinia alikata utepe wa mahameli mwekundu, akavuka barabara, akamwekea Anselm kiganjani. Anselm akaupitisha katikati ya vidole vyake, akaubusu.

Jumatatu iliyofuata Lavinia aliingia duka la dawa asubuhi, Anselm akiwa chumba cha nyuma akitwanga. Nyuma ya kaunta aliona kizibao chake kimetundikwa. Mnyororo wa saa ulikuwa mtupu. Utepe wake ulikuwa kwenye rafu, umefungwa shingoni mwa chupa ya unga mweupe, katikati ya machupa mengine.

Damu ikampanda. Kumbe ameshasikia habari za uso wangu, akawaza, na sasa ananionea haya. Akauvuta ule utepe, akausukuma mfukoni, akatoka bila kuaga.

Nusu saa baadaye alikuwa akishona kofia ya mke wa hakimu, sindano ikimchoma kila mara. Bi. Philomena akamuuliza kulikoni, akamtoa maneno moja moja mpaka yakaisha. Safari hii Bi. Philomena hakucheka. Hilo peke yake lilitosha kumtisha mtu.

"Mwanangu, chupa ile ni ya mofini, dawa ya maumivu," alisema polepole. "Inakaa bega kwa bega na kwinini. Zote nyeupe, zote chungu, chupa zenyewe mapacha. Yule kijana haoni maandishi. Aliniambia mwenyewe, ameifunga utepe wako kwa sababu ndicho kitu pekee dukani ambacho mkono wake hauwezi kukipita bila kusimama."

Lavinia akaitupa kofia, akainuka. Mofini kwa kipimo cha kwinini ni usingizi usio na asubuhi. Na alishasikia kisa cha mwuza dawa wa mji wa jirani aliyekosea kipimo cha mtoto. Watu walimtoa dukani kwake kwa kamba, na hakufikishwa mahakamani.

Akaishika simu kwa mikono miwili, akaomba duka la dawa.

"Mpenzi," alisema, "kuna mtu umempimia kwinini asubuhi hii?"

"Mmoja tu. Bi. Hester Pickersgill amemchukulia mumewe, yule wakili, homa imemrudia. Sauti yako ina nini?"

"Chukua chupa uliyompimia. Ipeleke dirishani, iweke puani, soma. Utepe nimeutoa mimi."

Alisikia hatua zake, kisha kioo kikigonga kioo. Alisikia pia mtu mwingine akipumua kwenye laini, naye ni Dorcas.

"Lavinia," Anselm alisema mwishowe. "Ni mofini."

"Nawapigia kwa wakili," Dorcas akasema, laini ikakatika.

Wakili Ezra Pickersgill alikuwa na kesi saa nne, angekunywa dawa kabla ya kutoka, na saa ya ukutani ilionyesha kasorobo. Lavinia alitoka mbio bila kofia wala shela, jambo ambalo hakulifanya mchana tangu utotoni. Akapita kinyozi, akapita benki, akapita wanaume waliokuwa wakingoja mahakama ifunguliwe. Wote wakamgeukia. Matope yalikamata gauni lake kama mikono ya watu. Nyuma yake alisikia kishindo na farasi wakikoroma: Anselm alikuwa amejibamiza kwenye mti wa kufungia farasi, akaamka, akaendelea kukimbia.

Tangu getini alisikia simu ikilia ndani. Ikalia, ikalia tena. Hakuna aliyeipokea.

Aliusukuma mlango. Wakili alikuwa amesimama mezani na karatasi za kesi mkono wa kushoto. Mkono wa kulia alikuwa na kijiko cha jemu ya boga iliyonyunyiziwa unga mweupe, akimnung'unikia mkewe aiache simu ilie, maana kila siku wanaunganishwa vibaya. Kijiko kilikuwa kinakwenda mdomoni. Lavinia hakuwa na pumzi ya kusema. Alikipiga kwa kiganja, jemu ikaruka hadi kwenye pazia.

"Una wazimu, binti?" Wakili akauliza.

"Ulikuwa umeonja?"

"Kuonja nini?"

Lavinia akakaa chini sakafuni.

Mlango ulikuwa umejaa watu tayari. Walikuja na maswali, na wawili walikuja na sura ambazo Lavinia hakuzipenda, za watu wanaokumbuka yaliyotokea mji wa jirani. Anselm akapenya katikati yao, damu zikimtoka kwenye paji la uso. Akamgeukia Wakili, au pale alipodhani Wakili amesimama.

"Nimekupimia mofini badala ya kwinini," alisema. "Kosa ni langu. Mtu asiyeona hana haki ya kufungua duka la dawa. Hakuna mwingine wa kulaumiwa."

Neno la mofini likazunguka chumbani. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa imetosha. Hapo Lavinia angeweza kunyamaza. Anselm mwenyewe alikuwa ameshampa njia ya kukwepa lawama. Lakini uso wake ulikuwa wazi mbele ya mji mzima, na hakuona kilichobaki cha kuficha. Akasimama, akautoa utepe mfukoni.

"Hii ndiyo alama aliyoweka ili asikosee," alisema. Sauti yake ilifika mlangoni. "Niliing'oa mimi, kwa hasira ya kijinga. Mkitaka wa kumtoa nje, nipo."

Wakili alimtazama yeye, akamtazama Anselm, akalitazama pazia lake. Kisha akauliza kwa ukali kama anahoji shahidi: ni nani hapa amekufa? Akawaambia basi waende mahakamani, maana yeye anakuja na homa yake. Watu wakaondoka mmoja mmoja, wakigeuka nyuma.

Duka la dawa lilifungwa siku tisa kwa amri ya Anselm mwenyewe. Simu ya Bi. Philomena haikulia. Siku ya kumi, Lavinia aliitwa stesheni. Alimkuta Anselm amesimama na kijiboksi kutoka Chicago, hajakifungua.

"Nivalishe wewe," alisema. "Macho yangu uliyavunja wewe."

Lavinia akamvalisha kwa haraka mpaka waya ukamchoma Anselm sikioni. Kisha akarudi hatua moja, akapandisha shela, akangoja kama mtu anayengoja hukumu. Anselm alimtazama kwa muda mrefu mno.

"Sema," Lavinia akanong'ona. "Usiogope kuniumiza."

"Nafanya kazi kwa vidole, Bibi Kofia. Siku ile hapa hapa mkono wangu ulipita shavuni mwako, nikayajua yote. Nilichokuwa sikijui ni rangi ya macho." Akatabasamu. "Kahawia. Nilikuwa nimebuni bluu."

Kisha akamwambia kwamba chupa ya mofini sasa inavaa kengele ndogo ya shaba. Lavinia akaufungua ule utepe mwekundu nyweleni mwake, naye Anselm akaupokea. Safari hii hakuuweka kwenye rafu. Aliufunga kwenye mnyororo wa saa, pale pale mbele ya abiria, akakaza fundo mara mbili.

"Nikuoe?"

"Kengele inalia sawasawa?"

"Inasikika mpaka barabarani."

"Basi nioe," Lavinia alisema.