Neno la Siri Lililotangazwa kwa Kipaza Sauti

Kila jioni Yusrah akirudi kutoka kufundisha watoto wa chekechea, huwasha jiko lake la mkaa na kubandika sufuria kubwa. Maji yakipata moto humpelekea Bibi Selestina bafuni. Hajaombwa na mtu. Yeye ni mpangaji tu wa chumba cha uani nyumbani kwa Bibi huyo, pale Mikumi, nyuma ya maegesho ya malori.

Jumatano moja maji yalikuja kama kawaida, lakini Yusrah alikuwa analia.

"Nani kakuliza, mjukuu wangu?" Bibi Selestina aliuliza.

"Baba Jackline amesema nihame, Bibi. Anasema namaliza bando. Na Ijumaa natakiwa kutuma kazi yangu ya mwisho chuoni. Nisipoituma, narudia mwaka."

Bibi Selestina aliyaacha maji yapoe. Alikaza kitenge chake, akaenda moja kwa moja sebuleni.

Baba Jackline ni Pastory, mwanawe, dereva wa lori la miwa huko Kidodi. Ndiye aliyenunua ruta, kifaa cha kusambaza intaneti, ili wote nyumbani watumie bando moja. Jackline asome masomo yake, na Yusrah asome chuo akiwa mbali. Yusrah alikuwa anachangia.

"Pastory! Umemfukuza Yusrah?"

"Mama, bando la mwezi sasa linakwisha kwa wiki. Anatazama filamu usiku kucha."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini nani mwingine? Sisi wengine ni familia."

"Alaa! Kwa hiyo siku hizi mwizi anatafutwa kwa ukoo?"

Bibi alimwita mjukuu wake.

"Jackline! Kamwite Mwalimu Ditram. Leo ruta itasema yenyewe."

Mwalimu Ditram ni jirani yao. Anafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari Kilosa, na wiki hiyo alikuwa nyumbani likizo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibu kwenye kesi."

"Ruta iko wapi?"

Jackline alifungua kabati la vioo. Ruta ilikuwa katikati ya vikombe vya wageni, imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Mwalimu aliishika.

"Maskini, ina homa! Ruta haifunikwi, inapata joto. Tena kabati linapunguza nguvu yake. Iwekeni juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba."

"Lakini tulinunua nzuri?" Jackline aliuliza.

"Mmechagua vizuri. Mtaa wetu haujafikiwa na waya wa intaneti, kwa hiyo inayofaa ni ruta ya kuweka laini ya simu. Mlijaribu laini kwanza?"

"Tulizunguka na simu kila chumba," Pastory alisema. "Tukachukua laini inayokamata vizuri hapa. Na muuzaji aliandika kwenye risiti kwamba ruta inakubali laini za mitandao yote."

"Ndivyo inavyotakiwa. Sasa, bando lipo?"

"Nimeweka jipya leo."

"Basi zimeni simu zote."

Bibi alileta ungo. Kila mtu alizima simu yake na kuiweka humo, Yusrah wa kwanza. Wote waliitazama ruta. Taa yake ndogo ilikuwa inapepesa haraka haraka.

"Inapepesa hivi kwa sababu kuna watu wanatumia," Mwalimu alisema.

"Simu ya Yusrah hii hapa, imezimwa," Bibi alisema. "Haya, Pastory. Nani anakula sasa?"

Walitoka nje, Yusrah akabaki sebuleni. Kando ya ukuta vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao. Dereva mmoja wa lori alikuwa amejilaza kwenye mkeka. Wote walikuwa wameinamia simu.

"Shikamoo, Bibi!" Kasiani wa bodaboda alimwamkia.

"Marahaba. Mnatazama nini?"

"Mpira, Bibi."

"Kwa intaneti ya nani?"

"Ya kwenu! Si mlitutangazia wenyewe? Siku ya kipaimara cha Jackline mshereheshaji alisema kwa kipaza sauti: 'Familia hii haina choyo! Intaneti ipo! Neno la siri ni karibuwote!' Akarudia mara tatu. Tukasema, hawa watu wana moyo."

"Na simu haisahau," Mwalimu alisema. "Ukiandika neno la siri mara moja, kila ukirudi hapa inajiunga yenyewe."

Bibi alimgeukia mwanawe. "Nani alimpa mshereheshaji hilo neno?"

"Mimi, Mama. Niliona fahari."

"Fahari yako, lawama ya Yusrah! Huyu binti ananichemshia maji kwa mkaa wake. Bando anachangia. Mtaa mzima umekula, lakini wa kuhama ni yeye, kwa sababu hana ndugu hapa! Hukuona aibu?"

Walirudi ndani, Pastory akasimama mbele ya Yusrah.

"Nimekukosea. Nilikushuku bila kuona kitu. Chumba ni chako. Nisamehe."

"Yamekwisha, Baba Jackline."

"Hayajakwisha," Bibi alisema, "mpaka ruta itengenezwe."

Mwalimu aliwasha simu ya Jackline. Chini ya ruta palikuwa na karatasi ndogo yenye anwani ya ukurasa wa mipangilio.

"Kwanza tunabadilisha neno la kufungulia mipangilio, lile la kiwandani. Usipolibadilisha, mtu anaweza kuingia na kukufungia nje. Kisha neno la siri la intaneti. Liwe refu, lichanganye herufi na namba. Lisiwe jina la mtoto wala namba ya simu."

"Na wageni wetu?" Bibi aliuliza. "Sitaki tuitwe wachoyo."

"Ruta hii ina mtandao wa wageni, Bibi. Una neno lake la siri. Wageni wakija mnauwasha, wakiondoka mnauzima."

Jackline alibonyeza. Mara kelele zikasikika nje ya ukuta.

"Oyaa, imekata! Na ilikuwa penalti!"

Bibi Selestina alicheka mpaka akashika ukuta.

Ijumaa Yusrah alituma kazi yake akiwa chumbani kwake. Jumamosi Kasiani alileta gunia la mkaa kwa pikipiki. "La dada Yusrah," alisema. "Hatukujua kuna mtu analaumiwa kwa ajili yetu." Bando lile lilifika mwisho wa mwezi.

Krismasi ilipokuja, wageni walijaa tena uani, na mshereheshaji alikuwa yule yule. Alipouliza habari za intaneti, Bibi Selestina alimnyang'anya kipaza sauti.

"Pilau ipo! Soda zipo! Anayetaka intaneti amwone Yusrah. Yuko pale, meza ya familia."