Visanduku Vilivyopishana

"Fundi, sogea kidogo, unanizibia wagonjwa."

Hivyo ndivyo msajili alivyomkaribisha mwandishi wa programu kwenye dirisha la mapokezi ya zahanati, asubuhi ambayo foleni ilikuwa imefika langoni. Mwanamke huyo alikuwa amejifunga kilemba cha manjano, vidole vinakimbia kwenye kibodi, macho hayaigusi skrini. Anamtazama mgonjwa tu.

"Huangalii unachoandika?"

"Kwani anayeumwa ni kompyuta?"

Jamaa akacheka mpaka akasahau kilichomleta. Alitumwa kuihamisha programu kuukuu ya kusajili wagonjwa, madirisha na vitufe vyake vyote, aijenge kwa mfumo mpya wa kuchora skrini, maana ule wa zamani kompyuta za sasa zinaukataa. Ni kazi ya upweke. Chumba kimoja, meza moja, kikombe kimoja. Basi wakapeana namba, na kila jioni simu ikawa inalia, msajili anapiga.

"Umehamisha vitufe vingapi leo, mpenzi?"

"Kumi na viwili."

"Sema umenikumbuka, acha kuzunguka."

"Nimekukumbuka."

"Haya, sasa kapike."

Wiki moja baada ya programu mpya kuanza kazi, mkuu wa zahanati akalalamika: uzito wa watoto umeandikwa penye umri, na umri penye uzito. Bahati nzuri mfamasia aliliona kosa kabla dawa haijatoka. Jamaa akatazama skrini, visanduku vimekaa sawasawa. Akajibu kwa barua ya mstari mmoja: mwandikaji hakuwa makini. Hakuuliza nani alikuwa zamu.

Jioni ile simu haikulia. Kesho yake akapiga yeye.

"Barua yako imebandikwa ubaoni," msajili alisema. "Sikuwa makini, siyo?"

"Sikujua ni wewe!"

"Kwa hiyo angekuwa mwingine ingekuwa sawa?"

Simu ikakatwa.

Siku tisa jamaa alikula amesimama. Ya kumi akaifungua programu, akafumba macho, akaandika kama anavyoandika yule mwanamke, akibonyeza kitufe cha kuruka kutoka kisanduku hadi kisanduku: jina, ruka, umri, ruka, uzito. Akafumbua. Umri umeingia penye uzito. Mfumo mpya ulikuwa unaruka kwa kufuata kisanduku kilichoundwa kwanza, siyo kinachoonekana kwanza, na cha uzito yeye alikitanguliza kwa sababu kilikuwa rahisi.

Akarekebisha. Akamwandikia mkuu: kosa ni langu, ibandikeni barua hii palepale. Kisha akaenda kupanga foleni pamoja na wagonjwa.

"Unaumwa nini?" msajili akauliza, uso mkavu.

"Nimeandika barua nyingine."

"Nimeiona. Umenisafisha kwa mkuu, ahsante. Lakini mimi hukuniuliza. Umezoea kujiuliza na kujijibu mwenyewe huko chumbani kwako."

Ilimchoma, maana ni kweli. Nyuma yake mzee mmoja akaguna, "Kijana, wengine tunaumwa kweli."

"Nikuulize nini sasa?"

"Chochote."

Akakuna kichwa. "Umekula?"

Msajili akaitupia foleni jicho. "Bado. Nina watu kumi na saba hapa. Kaa kwenye benchi."

Akakaa, katikati ya watu wanaokohoa, akangoja.