Mlimau wa Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alichuma jani moja la mlimau na kumpelekea babu yake kitandani. Jina hilo la Chiriku alipewa na babu mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Babu alilifikicha jani kati ya vidole, akalinusa akiwa amefumba macho.

"Asante, mke wangu," alimtania. "Sasa nimetoka nje, nimetembea, nimerudi."

Miguu ya babu haikuweza tena kushuka ngazi za ghorofa. Mlimau huo marehemu bibi aliuotesha kutokana na mbegu, na sasa ulisimama sebuleni karibu na dirisha, ndani ya pipa la plastiki lililotobolewa chini. Kando yake kulikuwa na mchungwa mdogo kwenye kopo la rangi.

Mama yake Chiriku alikuwa mwokaji mikate. Alitoka alfajiri na kurudi hoi, hivyo kazi ya kuitunza miti alimwachia binti yake.

"Kila Jumamosi geuza majani, utazame upande wa chini," alimwelekeza. "Wadudu hujificha huko. Ukiona chochote, niambie mapema."

Mwanzoni Chiriku alifanya hivyo. Kisha wenzake wakaanza kuruka kamba uani kila Jumamosi, na makelele yao yakawa yanapanda hadi dirishani. Akaanza kumwagia miti maji harakaharaka na kuteremka mbio.

"Umekagua majani?" mama aliuliza jioni.

"Nimekagua, mama. Hayana kitu."

Uongo ule ulitoka kwa urahisi. Jumamosi iliyofuata ukatoka kwa urahisi zaidi.

Siku moja vidole vyake vilinata alipochuma jani la babu. Sisimizi walikuwa wakipanda shina kwa msururu. Alipogeuza majani, vijidoa vya kahawia, mfano wa punje za dengu, vilikuwa vimegandamana kwenye mishipa ya majani na kwenye matawi. Alikibandua kimoja kwa ukucha. Kilikuwa mdudu.

Angeweza kumwambia mama jioni ile. Lakini mama angeuliza, "Jumamosi zote hizo ulikuwa unakagua nini?" Basi mama alipokuwa kazini, Chiriku alichukua dawa ya kupulizia mende iliyokuwa jikoni, akaupulizia mlimau wote, majani hadi mizizi, mpaka kopo likaisha. Alijiambia kesho mambo yatakuwa shwari.

Kesho yake majani yalikuwa yamejikunja na kuungua kingo. Mengine yalikuwa sakafuni.

"Chiriku!" babu aliita kutoka chumbani. "Mbona leo umenisahau?"

Alichuma jani lililoonekana zima, akafika nalo mlangoni. Babu alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Chiriku aliuangalia mkono ule, akaangalia jani lenye sumu, akalificha nyuma ya mgongo na kuangua kilio.

"Babu, usinuse. Nimelipulizia dawa ya mende."

Akaeleza yote. Jioni akayarudia mbele ya mama, na safari hii hakumficha kitu.

Mama hakupiga kelele. Alivaa glavu, akalitazama shina kwa muda mrefu. "Hawa ni wadudu magamba," alisema. "Hufyonza utomvu na kuacha uteute mtamu, ndio uliowaita sisimizi. Wangetoka kwa kitambaa na maji ya sabuni laini."

Walikata matawi yaliyoungua, wakabadilisha udongo, wakangoja. Mlimau haukuchipua. Ulikauka hadi shina.

Mchungwa nao ulikuwa na wadudu wachache. Waliuhamishia chumba kingine, na kila Jumamosi Chiriku alifuta jani moja moja, juu na chini, akasugua matawi kwa mswaki laini, kisha akasuuza. Kila alipodhani wameisha, wadogo wapya walitokea, naye akaanza upya. Kamba iliendelea kupiga ardhi uani, lakini hakwenda dirishani. Hatimaye mchungwa ukasafika kabisa.

Siku mama alipolitoa pipa la mlimau nje, Chiriku aliketi kando ya kitanda cha babu.

"Babu, wadudu wameuua mti wa bibi."

"Hapana, mjukuu wangu," babu alijibu taratibu. "Wadudu walikuwa wa kufutwa tu. Uliona aibu kusema, ukaficha, na kila ulipoficha kosa likazidi kukua. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati bado kuna cha kuokoa."

"Umenisamehe?"

"Nilikusamehe palepale mlangoni," alisema babu. Akageuza uso kuelekea sebuleni, mahali palipokuwa pamebaki alama ya duara sakafuni. "Ila mti wa bibi yako ndio hatunao tena."