Siki Isiyomwagwa

Shangazi yangu hajui kusema uongo. Hata akijaribu, uso wake unamuumbua kabla hajamaliza sentensi. Kwa hiyo haya ya jirani yake mshonaji nayasimulia kama alivyonipa yeye, na asiyetaka kuamini aende zake, simshiki shati.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Mshonaji alikuwa ameiacha cherehani yake, yuko jikoni anatengeneza samaki wa siki. Alikwisha kuwakata vipande, kuwaosha mpaka maji yakatoka meupe, kuwakaanga na kuwaacha wapoe. Vitunguu vilikuwa vimekatwa duara, siki imechemshwa na chumvi, sukari na pilipili manga, jiko zima linawasha macho. Kilichobaki ni kupanga kwenye chupa ya marehemu mama yake: samaki, vitunguu, samaki tena.

Chupa hiyo ndiyo yenye maneno. Ilikuwa ya kioo kinene, pana ya kuingiza mkono mpaka kiwiko, na siki yake haikuwahi kumwagwa. Samaki wakiisha, unaongeza siki mpya juu ya ile ya zamani, unapanga wengine. Ndiyo maana samaki wake walikuwa na ladha ambayo mtaa mzima uliitafuta usiipate. Mama yake alipomkabidhi, yuko hoi kitandani, alisema maneno machache tu.

"Usiimwage. Na kitu ambacho hakijafa kisiingie humo."

"Mama nawe!" Mshonaji alicheka. "Nani anatia samaki hai kwenye siki?"

Mama yake hakucheka.

Sasa, mezani alikaa bintiye, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Tangu asubuhi alikuwa analitingisha kwa ulimi jino lake la mbele la utoto. "Mama, linacheza. Mama, hebu tazama. Mama, nipe kitunguu kimoja." Mama alipokwisha kupanga akageuka kuchukua mwiko, mtoto akainama juu ya chupa iliyojaa akachomoa duara la kitunguu kwa meno. Kitu kidogo kikagonga kioo.

Chiriku akacheka, pengo jipya mdomoni. Tone la damu lilikuwa linashuka ndani ya siki, taratibu, kama uzi mwekundu. Mama alipekua kwa mwiko, akapekua kwa mkono, jino hakulipata. Mwingine angemwaga kila kitu akaanza upya. Lakini siki ile haimwagwi.

"Litaonekana tukifika chini," akasema, akafunga chupa kwa kitambaa.

Jino jipya halikuota. Wenzake darasani waling'oka meno wakaota mengine, yeye ufizi wake ukabaki vilevile kama siku ile. Sare ya shule, ambayo mama aliishona na pindo kubwa la kufumua mtoto akirefuka, haikufumuliwa kamwe. Mama alidhani ni lishe. Akamlisha mayai, akamlisha maziwa, wapi! Kisha Chiriku akajikata kidole kwa mkasi wa kushonea. Mama akakimbia na kitambaa, lakini hakukuwa na damu ya kufuta. Nyama ilikuwa imefunguka, nyeupe, imekaza. Jeraha lile halikupona. Wala halikuoza.

Daktari alisikiliza kifua cha mtoto kwa muda mrefu, mrefu mno. "Moyo unapiga," akasema, "ila polepole." Halafu akanusa mikono yake, akaenda kunawa.

Maneno nayo yakaanza kupungua. Chiriku yule wa kuwamaliza watu masikio akawa anakaa kitini, kimya, anaitazama chupa. Harufu ya siki ikahamia kwenye nywele zake na kwenye mto wake. Mama alimwogesha kwa sabuni, akamwogesha tena, huku machozi yanamtoka. Angemlaumu nani? Angemshika nani?

Mchana mmoja akasema liwalo na liwe. Akaibeba chupa mpaka kwenye sinki, akaiinamisha. Siki ikatoka. Ikafika nusu.

"Mama."

Sauti ilitoka sebuleni. Ndogo, kavu.

"Mama, nakauka."

Alimkuta sakafuni. Midomo imepasuka. Macho hayana maji. Ngozi ya mikono imejikunja hadi kwenye mfupa. Mama alipiga ukelele ambao shangazi aliusikia kupitia ukutani, akaja mbio, na kwa pamoja wakamimina kwenye chupa siki yote iliyokuwamo nyumbani. Ilipojaa, mtoto akavuta pumzi.

Hapo ndipo shangazi alipoona. Kipande kimoja cha samaki kilikuwa kimeibuka juu, na kwenye nyama yake limesimama jino. Lilikuwa limeshikwa na ufizi, mbichi, mwekundu. Pembeni yake lingine lilikuwa linachomoza, kubwa zaidi, lile lililotakiwa kuota mdomoni mwa Chiriku. Mshonaji akalishika kwa vidole, akavuta kidogo tu. Chiriku akapiga kelele. Mama akaliachia.

"Nifanye nini?" alimnong'oneza shangazi. "Nikimwaga namuua. Nisipomwaga, ndiye huyu hapa. Niambie basi, dada yangu, nifanye nini?"

Shangazi akakichukua kitambaa, akaifunga chupa.

Basi mshonaji akawa anaongeza siki, maana ilipungua yenyewe kila mara. Akaota mvi, mgongo ukapinda, macho yakashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Wasichana waliosoma na Chiriku walikuja kushonesha magauni ya harusi, baadaye nguo za watoto wao, na kila mara mama aliufunga kwanza mlango wa chumbani. Mle ndani mtoto alikaa kitini, na sare ileile.

"Kufa siogopi," alimwambia shangazi. "Nikifa, nani atamwongezea?"

Shangazi akatazama pembeni. Ungekuwa wewe ungekubali kuipokea chupa ile?

Asubuhi moja shangazi alifungua mlango wake akaikuta chupa kizingitini, imefungwa kitambaa. Akakimbilia kwa jirani. Ilibidi mlango uvunjwe, kwa sababu ulikuwa umekomewa kwa ndani. Mshonaji alikuwa amelalia cherehani yake, mwili umeshapoa. Kiti cha chumbani kilikuwa kitupu, kimelowa. Mtoto hakuonekana tena.

Nilimtembelea shangazi majuzi. Chupa iko kabatini, imejaa. Nikamwambia aitupe yaishe, uzee wake usimwishie kwenye mikosi ya watu. Akaniambia aliwahi kuiacha tu ipungue. Basi mlango ukabishwa, chini, usawa wa mkono wa mtoto. Alichosikia nje hakuniambia, na mimi sikumuuliza.

Kabla sijaondoka akafungua kitambaa nione. Kile kipande kilikuwa kimegeukia upande wangu. Meno yote yalikuwapo, yamejipanga, meupe, hadi yale magego ya nyuma kabisa, ambayo humwota mtu akishakuwa mtu mzima.