Usiku Haujapita

Upanga ulishuka, na Gwakisa Mwaipopo akashika bega lake.

Haukuwa upanga wa chuma. Ulikuwa mwanga tu, urefu wa kidole, mkononi mwa jitu lililosimama juu ya kilima cha ukungu katikati ya meza-simulizi. Lakini bangili ya hisia aliyovaa Gwakisa ilimkaza mkono kwa nusu sekunde, baridi ikampanda hadi shingoni, na namba ya kijani iliyoelea mbele yake ikashuka kutoka kumi na mbili hadi moja.

"Pointi moja ya uhai!" Tusekile, jirani yake, alipiga makofi. "Kaka Gwaki, tukuandalie sanda?"

"Moja si sifuri, wewe. Mwenye moja anapigana sawasawa na mwenye arobaini. Ndiyo kanuni. Muulize aliyeitunga."

Aliyeitunga alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Atuganile, dada yake mdogo Gwakisa, alikuwa mhandisi wa michezo mwenye umri wa miaka ishirini na sita, na Jumamosi zote mchana alikuwa msimulizi mkuu katika ukumbi wa kata yao jijini Mbeya. Miaka ile kila kata ilikuwa na meza-simulizi. Watu sita walikaa, wakajigeuza mashujaa, na meza ikawachorea milima, mito na maadui kwa ukungu na mwanga.

Hapo mwanzo Atuganile alikuwa ametunga kanuni za kweli zaidi. Mhusika aliyevunjika mguu alichechemea. Jeraha lisilosafishwa lilioza. Wachezaji walihuzunika, na baada ya mwezi mmoja viti vikabaki vitupu. Ndipo akarahisisha. Kila mhusika alipewa pointi arobaini, pigo likawa ni kutoa tu, na usiku mmoja wa hadithi ukarudisha zote. Ili usiku uishe, meza iliwasalimu wachezaji mmoja mmoja: "Umelalaje?" Mchezaji akijibu "Salama," namba yake inarudi arobaini. Wazo hilo alilitoa nyumbani kwao Tukuyu, ambako siku haianzi mpaka mtu aulizwe *ugonile*, yaani kama amelala vyema. Na sauti ya meza ilikuwa yake mwenyewe. Aliirekodi siku moja akiwa na furaha.

"Basi mimi nalala," alisema Gwakisa. "Umelalaje? Salama! Haya, arobaini hizo."

Namba yake ikaruka juu. Meza nzima ikapiga kelele.

"Mwizi!" alisema Tusekile. "Jitu limesimama mbele yako, unalala saa ngapi?"

Atuganile alicheka, kisha akatamka maneno ambayo msimulizi mkuu peke yake angeweza kuyatamka: "Usiku haujapita." Meza ilitambua sauti yake. Uponyaji ukafutika, majeraha yote yakarudi, na namba ya Gwakisa ikawa moja tena.

"Haya, tupa dadu, kaka."

Gwakisa aliinua dadu kwa mkono wa kulia, na ikaanguka kabla hajaitupa. Akaiokota, ikaanguka tena. Vidole vyake vilifunguka vyenyewe, kama vya mtu aliyelala.

"Vimeanza lini hivyo?" aliuliza Atuganile.

"Aa, wiki tatu. Jiwe lilinigonga bega kule handakini. Nimeshapona lakini."

"Nani kasema?"

Gwakisa alifungua koti na kumwonyesha fulana-tabibu, ile fulana nyembamba wanayovaa wachimbaji wote wa handaki la reli chini ya milima ya Uporoto. Ilipima mapigo ya moyo, joto na kila kishindo kilichoupata mwili. Kifuani iliandika hali ya mvaaji kwa namba moja.

Namba ilikuwa arobaini. Ilikuwa ya kijani, kijani kilekile alichokichagua Atuganile kwa ajili ya mchezo wake.

Atuganile aliisogelea ile namba. "Kaka, asubuhi ya pili baada ya lile jiwe, fulana ilikuambia nini?"

"Ilinisalimu tu. Kila asubuhi inatusalimu, langoni. 'Umelalaje?'"

"Ukajibu?"

"Salama. Sasa ningejibuje? Salamu ni salamu. Mtu hakuulizi habari ukamtupia vidonda." Akatabasamu kwa aibu kidogo. "Halafu inazungumza kwa sauti yako, Atu. Nilidhani unajua. Vijana wote wananitania, 'mdogo wako katuamkia.' Utamjibuje vibaya?"

Tusekile ndiye aliyeuliza: "Si uende zahanati?"

"Zahanati ya handaki inafunguka kwa namba. Mpaka ushuke chini ya kumi. Mimi ni mzima, inasema."

Jumatatu asubuhi Atuganile alikuwa kwenye lango la handaki. Usiku wa Jumapili alikuwa amemsihi kaka yake asiende, naye akamjibu kwamba wanabeba nguzo za paa watu wanne kwa pamoja, asipokuwepo watabeba watatu. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Nguzo moja ilikuwa na uzito wa ng'ombe, na vidole vya Gwakisa havikuweza kushika dadu.

Mhandisi wa usalama, Ambakisye Mwansasu, alimpokea uwanjani akiwa amevaa fulana kama wengine.

"Shikamoo, mhandisi."

"Marahaba, binti. Nimeambiwa una malalamiko."

Atuganile alimweleza kwa utaratibu. Kanuni za majeraha zilitungwa kwa ajili ya mchezo. Waliotengeneza fulana walizichukua zote, wakaziunganisha na vipimo vya mwili, wala hawakubadilisha hata salamu. Mashine ilipima majeraha kwa uaminifu mchana kutwa, kisha kila asubuhi ikayafuta kwa neno moja la adabu.

Mwansasu alisikiliza bila kumkatiza. "Binti, hapa hatujapata majeruhi miezi kumi na moja. Hata mmoja. Namba hizo zimesomwa mpaka wizarani."

"Namba hizo nimezitunga mimi, mzee! Nilizitunga ili watu wasichoke kucheza."

"Andika barua. Kamati itakaa mwisho wa mwezi."

Nyuma yake foleni ilikuwa inasogea. Kila mchimbaji alisimama mbele ya lango, sauti ya Atuganile ikatoka kifuani mwake, changamfu na yenye upendo: "Umelalaje?" Mchimbaji akajibu, lango likafunguka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikohoa alimeza kikohozi kwanza, ndipo akasema, "Salama." Zamu ya Gwakisa ikafika.

"Umelalaje?"

Alimtazama mdogo wake. Jasho lilikuwa likimtoka. "Sijalala," alisema polepole. "Mkono wa kulia hausikii."

Fulana ikajibu: "Samahani, sijakusikia. Umelalaje?"

"Nimesema mkono unaniuma."

"Samahani, sijakusikia. Umelalaje?"

Atuganile alifumba macho. Na hilo pia alikuwa amelitunga yeye. Mchezaji akijibu jambo lisiloeleweka, aulizwe tena, hadithi isikwame.

"Gwaki, jibu tupite bwana!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Dada yako anakuuliza!"

Midomo ya Gwakisa ilianza kuumba lile neno. Atuganile aliona, na hapohapo akakumbuka Jumamosi. Kama waliichukua salamu bila kuibadilisha, huenda waliyachukua na mengine. Alikimbia hadi mbele ya foleni, akawageukia watu wote na kupiga kelele:

"Usiku haujapita!"

Kisha kijani kikazimika. Kikazimika kifua baada ya kifua, hadi mwisho wa foleni, na mahali pake zikawaka namba nyekundu. Majeraha ya miezi kumi na moja yalikuwa yamerudi kwa wenyewe. Tisa. Mbili. Sifuri. Hasi nne. Mwanamke wa kikohozi alikuwa hasi kumi na tisa. Aliinamisha kichwa, akaisoma, akaketi chini kwenye kokoto taratibu kama mtu aliyekuwa akisubiri ruhusa.

Gwakisa alikuwa hasi sita.

"Mezani ningekuwa nimeshazikwa," alisema. Sauti yake ilikosa mzaha wote.

Mwansasu aliitazama foleni. Halafu, kwa mara ya kwanza, akakitazama kifua chake mwenyewe. Hasi mbili. Mkono wake ukaenda kiunoni, mahali alipoumia alipoanguka ngazini mwezi wa pili na kuondoka akichekwa.

Hapo redio yake ikakwaruza. Lilikuwa lango la pili, upande wa Tukuyu, ng'ambo ya mlima, ambako sauti ya Atuganile haikufika. Kule nako zamu ilikuwa ikiingia, na redio iliyoachwa wazi ilileta kila kitu.

"Umelalaje?"

"Salama."

"Umelalaje?"

"Salama."

"Mzee, nipe redio," alisema Atuganile. "Wote wanaingia!"

Mwansasu aliichomoa mkandani na kuinyoosha haraka kwa aliyekuwa karibu naye zaidi. Alikuwa Gwakisa. Naye, bila kufikiri, akaipokea kwa mkono wa kulia, aliozoea kupokelea kila kitu.

Vidole vikafunguka. Redio ikaanguka kwenye kokoto, kitufe chake kikapasuka, na bado iliendelea kusema. Atuganile alipiga magoti, akaiokota, akabonyeza mahali kitufe kilipokuwa, tena na tena, akitamka ndani yake "Usiku haujapita" kwa sauti yake yote.

Kutoka upande wa pili wa mlima akaisikia sauti yake mwenyewe, changamfu, ikimsalimu mtu mwingine.

"Salama," mtu huyo akajibu.