Bega la Nkambo Godefroid

Kila asubuhi, kabla ya shule, Sephora alichota maji, akafagia ua, kisha akamsaidia nkambo yake, bibi mzee Hortense, kukunja karatasi za kufungia karanga. Zilikuwa barua na fomu kutoka maofisi yaliyofungwa. Tangu mishahara ilipokatika pale Likasi, nyumba yao iliishi kwa karanga hizo.

Mwaka huo wa 1998, kanisa lao lilikuwa likitengeneza albamu ya familia za zamani, tena bila gundi. Yaya Dominique, kijana wa ofisi ya kanisa ambaye watoto walimwita yaya, yaani kaka mkubwa, alilaza karatasi kuukuu juu ya kioo cha mashine, na sura yake ikatokea ndani ya kompyuta. Humo alipanga tiketi kando ya bahasha, stempu kando ya picha, kisha akamrudishia mwenyewe karatasi yake. Aliwaomba watoto walete karatasi kama zilivyo.

Ndani ya kopo la maziwa la Nkambo Hortense mlikuwa na kadi ya kazi ya marehemu mumewe, Godefroid, aliyetoka Kasai kuja kuchimba shaba. Juu yake palikuwa na picha ndogo ya Godefroid, na picha yake nyingine haikubaki. Sephora aliichukua bila kuomba.

Siku tatu alikwenda ofisini, siku tatu hapakuwa na umeme. Siku ya nne, Jumanne, kompyuta iliwaka, ikazima palepale. Dominique akashika kichwa, akamwambia arudi tena. Njiani Ricky, mwenzake wa darasani, alimuuliza kama familia yao ilizaliwa juzi, maana haina hata karatasi moja ukurasani. Sephora alifika nyumbani amenuna.

Akaona heri aipambe kadi mwenyewe, ili yaya amalize upesi. Akakata kwa makasi kingo chafu za kadi, akabakiza picha tu, akaibandika juu ya katoni kwa bukari, ugali laini, kama watu walivyobandika bahasha siku hizo. Akaificha chini ya kitanda.

Jumatano aliona mende wameng'ata pembe moja. Akaisogeza tu na kunyamaza. Ijumaa bega zima la kushoto lilikuwa limeliwa.

Asubuhi ile alikunja karatasi za karanga vibaya, zikafunguka zote. Nkambo alimtazama mikono, akaanza kuzikunja upya. Mwishowe Sephora akaleta katoni, akaiweka magotini pa bibi yake, akasema yote.

Nkambo alipitisha kidole penye bega lililoliwa. Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akatoa vipande vya kadi: jina, tarehe, sahihi.

"Hivi nilivifagia Jumanne," alisema. "Mukono wako niliujua. Nilikuwa nangoja mudomo wako. Sikujua kama mende nao wanangoja."

Jumamosi umeme ulirudi, na Nkambo akaenda na Sephora ofisini. Dominique alipanga vipande vyote juu ya kioo, na ndani ya kompyuta kadi ikawa nzima tena, isipokuwa lile bega. Akachukua nakala ya bega la kulia, akaligeuza, akaliweka kushoto. Sephora akashusha pumzi. Ilikuwa kama hapajatokea kitu.

"Huyu si yeye," alisema Nkambo. "Bega la kushoto liliinama, kwa kubeba mawe miaka makumi mawili. Toa hilo la uongo, mwanangu. Acha tundu."

Dominique akaliondoa. Sephora alianza kulia, na Nkambo akamvuta karibu.

"Sikia, mutoto wangu. Kitu cha mutu kinaombwa. Na kosa linasemwa lingali dogo. Weye ungesema Jumatano, tungepoteza pembe tu. Umelilaza chini ya kitanda siku tatu, na kila usiku limekula kidogo."

Albamu ilipotoka, Ricky aliuliza bega liko wapi. Sephora akamweleza, bila kuficha hata mende.