Haerim na Keki za Siku ya Mia Moja

Kila Jumamosi asubuhi Haerim alikuwa na kazi moja tu katika duka la bibi yake la keki za mchele, mjini Gimje: kuangalia kompyuta. Bibi aliloweka mchele, akausaga, akaupika kwa mvuke. Maandishi madogo yalimshinda. Kwa hiyo alama ya njano iliyokuwa karibu na saa, pembeni mwa skrini, ilipowaka, Haerim alifungua ujumbe wa mteja na kumsomea Bibi.

Kazi hiyo haikumtoa jasho msichana wa miaka kumi na moja. Ndiyo maana alifungua na mchezo wa kufuga paka, ingawa alikuwa amekatazwa. Geonu, mwenzake wa darasani, alikuwa amempa programu ya kuficha.

"Bonyeza vitufe hivi viwili tu, kila kitu kinapotea," alimwambia. "Madirisha, sauti, hata vile vialama vya karibu na saa. Vyote vinaendelea kufanya kazi, lakini mtu akija haoni kitu."

Jumamosi hiyo Haerim alisikia kandambili za Bibi, akabonyeza. Paka wakatoweka, na alama ya njano nayo ikatoweka, kwa kuwa programu ile haikujua kuchagua. Kwa kawaida Bibi alichungulia akaenda zake. Leo alivuta kiti, akaanza kuchambua maharage mekundu.

"Mbona umekaa kama unasubiri sindano?" aliuliza.

"Hamna kitu, Bibi."

"Na wateja?"

"Kimya."

Hakujua kama ni kimya kweli. Akiirudisha alama ya njano, paka nao wangerudi mbele ya Bibi. Akaendelea kukodolea skrini tupu.

Bibi aliinuka saa nne na nusu, na Haerim akabonyeza tena upesi. Kulikuwa na ujumbe uliofika saa nne kasorobo. Mama Daon, ambaye mwanawe alikuwa akitimiza siku mia moja tangu azaliwe, aliomba keki alizoagiza ziletwe saa sita badala ya saa kumi. Nyanya yake Mama Daon, mwenye miaka tisini, angepanda treni saa saba, na alitaka kuwagawia majirani keki kwa mkono wake mwenyewe, mtoto apate umri mrefu.

Mchele ulikuwa bado kwenye maji.

"Bibi, Mama Daon anataka keki saa sita," Haerim alisema kwa sauti ndogo.

"Saa sita? Na ananiambia sasa hivi? Lete simu hiyo nimpe vidonge vyake."

Haerim angeweza kumpa simu na kusema ujumbe umechelewa kufika, na siri yake ingekaa salama. Lakini Mama Daon hakuwa na kosa lolote. Aibu ilimshika, akaikumbatia simu kifuani.

"Usimpigie, Bibi. Alituambia mapema. Mimi ndiye niliyeficha." Akaeleza yote, mpaka habari za paka.

Bibi hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Haerim zaidi. "Funga aproni," alisema. "Maneno baadaye."

Walichuja mchele, wakausaga, wakachekecha unga mara mbili. Mikono ya Haerim iliuma, ila hakuthubutu kupumzika. Mvuke ulipopanda alitaka kufunua sufuria achungulie.

"We! Ukifunua zitabaki mbichi," Bibi alimkanya.

Saa sita kasoro dakika tano walikuwa mlangoni kwa Mama Daon na keki nyeupe za moto. Yule nyanya alichukua sahani ya kwanza, akaenda kugonga mlango wa jirani huku akicheka. Haerim alifurahi mpaka machozi yakamlenga.

Njiani kurudi, Bibi alimshika mkono.

"Kucheza si dhambi. Ungeniomba nusu saa ningekupa. Lakini ulipoficha mchezo, ulificha na kazi, ukaficha na maneno ya watu, nusura nimtukane mtoto wa wenyewe."

"Nisamehe, Bibi. Nikifika naifuta ile programu."

"Ifute. Ila nikwambie jambo moja. Leo ungenidanganya nisingejua kamwe. Ukisema kimya, kwangu mimi ni kimya, maana sina macho mengine ila wewe. Umesema kweli wakati hakuna aliyekulazimisha. Jumamosi ijayo utakaa pale pale kwenye kompyuta."